Dereva Mlevi Hajioni: Funzo la Mashine ya Udereva



Kila aliyepitia shule ya udereva hapa Kenya anaukumbuka ule mji mdogo wa mezani, wenye barabara, mizunguko na vigari vya kusukumwa kwa mkono. Mji ule hufundisha sheria za barabarani. Hatari ya pombe haufundishi, kwa sababu kigari cha mezani hakimuumizi mtu.

Katika nchi nyingine, ikiwemo Marekani, vijana hufundishwa hatari hiyo kwa simuleta. Hii ni mashine yenye kiti, usukani, pedali na skrini inayoonyesha barabara. Mwanafunzi, akiwa hajaonja pombe hata tone, kwanza huendesha kawaida. Kisha mashine hutegwa iige ulevi: usukani na breki huchelewa kuitika, na picha hufifia. Mtoto akitokea kwenye skrini, dereva humwona, hukanyaga breki, na bado humgonga.

Sababu ni hesabu rahisi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde tu, gari limeshasonga mita 11 kabla mguu wake haujagusa breki. Pale Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, watu huvuka barabara ya Mombasa kwa miguu katikati ya malori na mabasi. Mwingi nako, barabara ya Garissa inapita mjini. Barabara ya Kitui kupitia Mutomo hadi Kibwezi, iliyokuwa ya vumbi, sasa ni lami, na lami huleta kasi. Mita 11 ndizo humtenganisha aliyevuka salama na asiyefika nyumbani.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mashine haiwezi kuliiga. Aliyeketi kwenye simuleta anajua kwamba usukani unachelewa. Mlevi hajui. Pombe huvuruga uamuzi wa mtu mapema, kabla hajaanza kuyumba. Ndiyo maana husema, "Niko sawa," na huwa anaamini. Kumuuliza kama anaweza kuendesha ni kumuuliza mtu asiyeweza tena kujipima.

Kwa hiyo, uamuzi wa nani ataendesha hufanywa kabla ya glasi ya kwanza.

Bia moja ya nusu lita huhitaji takriban saa mbili hadi tatu kuisha mwilini. Kahawa, maji baridi na supu haviharakishi kazi hiyo. Kaluvu na pombe nyingine za kienyeji hazina kibandiko cha kuonyesha nguvu yake, hivyo mnywaji hana namna ya kuhesabu. Mwenye bodaboda aliyekunywa hadi usiku wa manane anaweza kuamka alfajiri akiwa bado na pombe mwilini, na abiria wake wa kwanza ni watoto wa shule.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamtoza anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Simuleta si lazima ifike kila kijiji ndipo funzo hili lishike. Wanaokwenda harusini au sokoni wanaweza kumchagua dereva mmoja asiyekunywa. Mwenye baa anaweza kuhifadhi funguo hadi asubuhi. Wenzake kwenye steji wanaweza kumzuia anayenuka pombe asibebe abiria, na mzazi anaweza kukataa mtoto wake asipandishwe pikipiki hiyo.

Atakayenyimwa funguo usiku atanuna. Asubuhi atazichukua, akiwa hai.