Kompaila ya Lisp na Kanuni za Kikuria



Katika wilaya hizi za Tarime na Serengeti, ambako Kikuria hukutana na Kingoreme, Kiikoma, Kiisenye na Kinata, huenda ikawa ajabu kwamba mhadhara wa leo wahusu lugha isiyo na msemaji hata mmoja, yaani Lisp, aliyoibuni John McCarthy katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1958. Walakini nataraji kuwathibitishia kwamba kazi ya kuijengea lugha hiyo kompaila, ambayo ingali yaendelea, ina nasaba ya karibu na lugha za mama zetu.

Kompaila ni programu ipokeayo maagizo yaliyoandikwa kwa lugha aielewayo mtu, ikayageuza kuwa amri ambazo kompyuta yaweza kuzitekeleza pasipo mkalimani, yaani programu isomayo agizo moja moja na kulitekeleza papo hapo. Katika Lisp kila agizo hufungwa kwa mabano, na mabano huingia ndani ya mabano, hata muundo wote ukawa dhahiri kwa jicho. Na maadamu programu yenyewe ni orodha, sawa na orodha inazozishughulikia, Lisp yaweza kuisoma Lisp na kuitengeneza. Ndiyo sababu mwaka 1962 Timothy Hart na Mike Levin, huko huko MIT, waliandika kompaila ya Lisp kwa Lisp, wakaiendesha kwanza kwa mkalimani, nayo ikajigeuza yenyewe kuwa amri za mashine. Tangu hapo kazi haikukoma: SBCL, iliyochipuka mwaka 1999 kutokana na kompaila ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, hutolewa upya takriban kila mwezi, kwani mashine mpya huja na amri zake, na kila hila ya kuiharakisha programu sharti ikaguliwe isije ikaigeuza maana.

Sasa niieleze nasaba niliyoitaja. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alionyesha kwamba umbo la neno kamusini na umbo lake mdomoni huweza kulinganishwa herufi kwa herufi, kwa kanuni zitendazo kazi kwa pamoja. Ila kanuni hizo ilibidi zigeuzwe kwa mkono kuwa majedwali marefu, kazi ichoshayo na yenye kukaribisha makosa. Kati ya 1985 na 1987 yeye na Lauri Karttunen, wakitegemea hisabati ya Ronald Kaplan, waliziandikia kompaila kwa Interlisp, mojawapo ya lahaja za Lisp. Kwa nadharia hiyo hiyo Arvi Hurskainen, naye wa Helsinki, aliunda mfumo wa kuchambua maneno ya Kiswahili, akaueleza kwa chapa mwaka 1992.

Basi tukitazame Kikuria. Wenyewe husema Igikuria, si Ikikuria, kwa kuwa k ya kiambishi huwa g ikifuatwa na silabi ianzayo kwa konsonanti isiyo ghuna. Kanuni hii, ambayo mmisionari Edmund Dahl aliitambua katika Kinyamwezi, mwanaisimu huiandika kwa mstari mmoja, na kompaila ikatimiza yaliyosalia. Toni ndiyo yenye uzito: katika vitenzi vya Kikuria toni ya juu huanza kwenye pigo la kwanza, la pili, la tatu au la nne la shina, kwa kadiri ya wakati unaokusudiwa, kisha ikaenea mbele, na irabu ndefu huhesabiwa mapigo mawili. Mashine ambazo kompaila huzitoa katika kanuni hizi, kwa kuwa hali zake zina idadi maalumu, haziwezi kuhesabu pasipo ukomo, bali kuhesabu hadi nne kwawezekana, kwani kila pigo hutengewa hali yake.

Lisilowezekana ni kukisia kisichoandikwa. Kamusi ya Muniko, Magige na Ruel, ya mwaka 1996, imetuwekea akiba ya maneno. Lakini maandishi mengi hayaonyeshi toni, na pale nyakati mbili zitofautianapo kwa toni tu, mashine huziona moja. Kwa hiyo nawausia vijana wa Tarime na Serengeti watakao kuihudumia lugha yao waanze kwa sikio na kalamu: waandike toni za kila kitenzi katika kila wakati, wazihakikishe kwa wazee wenye ufasaha, ndipo watunge kanuni, maana kompaila huitii kanuni kama ilivyo, sahihi au batili.