Uwekevu Nyumbani: Fedha ya Pamba na Miezi Kumi na Miwili



Nimeombwa niseme machache juu ya uwekevu. Huenda wengine watashangaa ya kwamba siku ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, Katibu haneni habari za mizani na maghala, bali habari za chungu na kuni. Mimi naziona habari hizo kuwa ni moja. Wazee wetu wa Jimbo la Ziwa walipoanzisha vyama vyao vya pamba, hata mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya uongozi wa marehemu Bwana Paul Bomani, walitaka mkulima asipunjwe mzanini. Shilingi waliyoipigania mzanini ikivuja nyumbani, mkulima amepunjwa vile vile, ila safari hii hana wa kumshitaki.

Fedha yetu ina tabia yake. Mtu wa mshahara hupata kila mwezi. Sisi twapanda Novemba na Desemba, twauza kuanzia Mei au Juni, kisha twangoja mwaka mzima. Tena hatujui tutapata ngapi. Mwaka 2022 bei ya kufungulia msimu ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo. Mwaka 2023 ikashuka hadi 1,060. Wala hakuna aliyesahau mwaka 2019, bei ya dunia ilipoanguka, wanunuzi wakasita kutoa ile 1,200 iliyotangazwa, na watu wengi wakakaa miezi wakingoja malipo ya pamba iliyokwisha kupimwa. Waliokuwa na chakula ndani walingoja. Wasiokuwa nacho walikopa.

Hapo ndipo penye jeraha. Mtu avuna vizuri, auza karibu nafaka yote mwezi wa Julai, wakati kila jirani naye anauza na bei iko chini. Ifikapo Februari akopa gunia moja, kwa ahadi ya kurudisha mawili wakati wa mavuno. Gunia lile la pili ndilo sare za watoto na madaftari yao. Watu husema huyo ni mvivu. Si kweli, amelima kuliko wengi wetu tulioketi hapa kwenye viti vya mbele. Hakupiga hesabu tu. Nyumba itumiayo madebe manne ya mahindi kwa mwezi yahitaji madebe 48 kwa mwaka, yaani magunia manane ya madebe sita sita. Hayo manane yatengwe kabla mfanyabiashara hajafika uani. Nafaka ikaushwe sawasawa, kisha itiwe katika ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa: fukusi na dumuzi hufa kwa kukosa pumzi, bila dawa. Na viazi visitupwe shambani kana kwamba michembe na matobolwa ni chakula cha aibu. Bibi zetu walivuka miaka ya ukame kwa vyakula hivyo.

Juu ya dagaa, akina mama wa Ukerewe na Magu hawahitaji kufundishwa na Katibu. Wavuvi hutoka usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika na bei hupanda. Basi dagaa inunuliwe siku za giza, ianikwe tena juani, iwekwe akiba.

Maharage yalowekwe usiku, chungu kifunikwe, kuni zitapungua. Miti ya pamba, ambayo kwa sheria hatuna budi kuing'oa na kuiteketeza baada ya mavuno ili kuzuia funza, yaweza kuteketezwa jikoni badala ya shambani, mradi iishe kabla ya siku iliyowekwa. Sukari ya kupimiwa kwa kijiko dukani ni ghali kuliko ya kilo, lakini nakiri kilo ikiwa ndani, watoto hugundua chai mara nne kwa siku.

Sasa nasema neno gumu. Wapo akina baba wafichao stakabadhi ya pamba. Mama amepalilia, amechuma, lakini hajui zimeingia shilingi ngapi. Atawezaje kupanga matumizi? Fedha isiyojulikana ndani hujulikana upesi kilabuni. Siwakatazi Bulabo. Ngoma za Bagika na Bagalu ni fahari yetu, nami mwenyewe huenda Bujora. Lakini sherehe hiyo huja Juni, pamba nayo huanza kulipwa wakati huo huo, na mtu ashikaye mfukoni fedha ya mwaka mzima huitumia kama ya siku moja.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano mkuu ujao ujadili shauri hili: mwanachama apendaye aandike, kabla ya msimu, kiasi cha malipo yake kitakachopelekwa moja kwa moja katika chama cha akiba na mikopo, kigawanywe na kutolewa Novemba kwa mbegu na vibarua, Januari kwa shule, na Machi kwa mahitaji ya nyumbani. Hati hiyo itiwe sahihi na mume na mke pamoja. Makarani wa vyama vya msingi watapelekewa nakala, na wanachama wasiojua kusoma watasomewa mbele ya shahidi wao wenyewe.