Mstari Mmoja Kwenye Daftari la Hesabu

Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Dar es Salaam



Katibu amenipa dakika kumi na tano niwahimize mchange. Nitawahimiza, lakini naomba kwanza nizungumzie rada.

Wengi mnaikumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi yetu ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema bei ni kubwa mno kwa mahitaji yetu. Huko Uingereza kwenyewe Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliupinga mpango huo ndani ya serikali yake. Rada ikanunuliwa vivyo hivyo. Ndiyo miaka ile ile ada ya shule za msingi ilipofutwa, watoto wakajaa madarasani, na wengi wao wakasomea sakafuni.

Habari hii imeandikwa sana kama habari ya siasa. Mimi ni mhasibu, na kilichonishika ni kosa lenyewe lililofikishwa mahakamani. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark jijini London, BAE haikutiwa hatiani kwa rushwa. Ilikiri kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Dola kama milioni 12, karibu theluthi ya bei ya rada, zililipwa kwa mtu wa kati aliyesaidia kusukuma mauzo, sehemu kubwa kupitia kampuni iliyosajiliwa Panama. Kwenye vitabu vya BAE malipo hayo yaliandikwa kuwa ni ya huduma za kiufundi. Jaji Bean alisema ingekuwa ni kujidanganya kuamini kwamba mtu yule alilipwa kiasi hicho kwa kazi ya ushawishi tu. Kampuni ikapigwa faini ya pauni 500,000, na kwa makubaliano ikatoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya wananchi wa Tanzania. Fedha hizo zilifika mwaka 2012, zaidi ya shilingi bilioni 70, mitaani tukaziita chenji ya rada. Zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Huduma za kiufundi. Hakuna aliyevunja kasha la fedha wala kuruka ukuta. Mtu aliandika maneno matatu kwenye mstari wa daftari, na kila aliyepita akaona mstari umejazwa, akaendelea na ukurasa unaofuata.

La akaunti ya Tegeta Escrow nitalipitia haraka, maana lilitangazwa na Bunge zima mkalisikiliza redioni mwaka 2014. Zaidi ya shilingi bilioni 300, zilizokuwa zimewekwa Benki Kuu kusubiri mgogoro wa TANESCO na IPTL uishe, zilitolewa. Nazo hazikutoka kwa bunduki. Zilitoka kwa hati, makubaliano na ushauri wa wanasheria. Desemba mwaka ule Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, akisema ushauri wake haukueleweka. Kwa hesabu zangu, ushauri wa kisheria usioeleweka umetugharimu kuliko rada.

Sasa tuje kwetu. Watani wetu Wachaga wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe agharimie kesi ya kuku. Huwa tunacheka. Lakini mtu anayeufurahia utani huo zaidi ya Mchaga ni wakili.

Fungueni taarifa ya hesabu mliyogawiwa, ukurasa wa 6. Katikati pana mstari unaosomeka hivi: Huduma za kisheria, sh. 4,800,000. Basi. Hizo ndizo fedha tulizolipa ili tupate hati ya kiwanja cha hosteli ya wasichana kule Same. Kiwanja tulikipata miaka mitatu iliyopita. Hati hatuna.

Mkutano uliopita uliteua watu watatu tuangalie jambo hili, nami ni mmoja wao. Tulimwomba wakili atueleze fedha zilifanya kazi gani. Alitupa barua yenye lugha nzuri na risiti moja ya kuandikwa kwa mkono, si ya mashine. Kila ada ya serikali siku hizi hulipwa kwa kontrol namba, kwa hiyo tukamwomba kontrol namba hata moja tu. Hakuwa nayo. Tukaenda ofisi ya ardhi pamoja na Katibu. Hakuna ombi lolote lililowahi kufikishwa pale kwa jina la chama chetu.

Jina lake silitaji. Ni mtoto wa nyumbani, na humu ukumbini wapo ndugu zake, ambao hawana kosa lolote na naomba wasisumbuliwe wakati wa chai. Lakini ni lazima tuseme kwa nini miaka mitatu ilipita bila swali. Ni kwa sababu ni wa kwetu. Angekuwa mgeni tungemfuata mwezi wa pili.

Jana jioni mzee mmoja ninayemheshimu sana alinipigia simu akasema, "Mwanangu, ya nyumbani humalizwa nyumbani." Nikamwambia, "Baba, ndiyo maana nayasema mbele ya watu wa nyumbani." Fedha hizi zina wenyewe. Katika orodha ya michango yumo mama mkulima wa tangawizi kutoka Mamba Myamba aliyetuma shilingi elfu tano kwa simu, mara tatu kwa mwaka. Ana haki ya kujua elfu zake kumi na tano ziko wapi, sawasawa na yule aliyetoa milioni.

Na kuuliza si ugeni kwetu. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka milimani kwa maelfu hadi Same, wakakaa pale kwa zamu muda mrefu, wakipinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kodi ambayo hakuna aliyeweza kuwaeleza imekadiriwa vipi. Baadaye mama zetu nao wakaingia, na mwaka 1946 mkoloni akauacha utaratibu ule. Babu zetu walimuuliza mkoloni maswali ya hesabu. Sisi tunaona haya kumuuliza mtoto wa jirani!

Kamati imeamua hivi. Wakili amepewa barua ya siku thelathini arudishe fedha au alete ushahidi wa kazi. Siku zikipita, malalamiko yatapelekwa Kamati ya Mawakili, chombo kilichowekwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, chenye uwezo hata wa kumwondoa wakili kwenye orodha. Wakati huo huo hati tutaifuatilia wenyewe, na ada zote za serikali zitalipwa moja kwa moja kutoka akaunti ya chama. Tukihitaji wakili mwingine, kwanza tutamtafuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kuona kama ana leseni hai. Nusu saa inatosha. Na kuanzia mwaka huu neno huduma halitakubaliwa peke yake kwenye daftari letu: itaandikwa ni huduma gani, nani aliifanya, lini, na nyaraka yake namba ngapi. Mweka Hazina amelalamika kwamba ni kazi nyingi. Ni kweli, ni kazi nyingi.

Gharama ya kuchelewa sihitaji kuwafundisha ninyi watu wa Same na Mwanga, mliosubiri maji ya Nyumba ya Mungu zaidi ya miaka kumi hadi mradi ukazinduliwa Machi 2025. Sisi tunapongoja hati, mabinti zetu wanaotoka milimani wanaendelea kupanga mageto mitaani, wakijipikia, mlango una kitasa kibovu, na wote tunajua yanayowapata. Msingi wa hosteli haujachimbwa. Hatuwezi kujenga juu ya ardhi ambayo kesho mtu atakuja na karatasi kusema ni yake.

Kwa hiyo nawaomba mchange. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Fedha zote ziingie benki, si mkononi mwa mtu yeyote, nami nikiwemo. Barua ya wakili na ile risiti yake moja ziko kwenye faili mezani kwa Katibu. Hatutoi nakala, ila kusoma ni ruksa, na faili litakuwa wazi mpaka saa kumi na moja.