Mgonjwa Kando ya Umati

Kama una Biblia karibu, fungua Injili ya Marko, mlango wa 7, kuanzia aya ya 31 hata ya 37. Kama uko njiani au unachunga mbuzi, sikiliza tu, utasoma jioni.

Habari yenyewe ni fupi. Watu walimletea Yesu mtu asiyesikia, tena ulimi wake ulikuwa mzito. Wakamwomba amwekee mkono, basi. Lakini tazama Bwana alivyofanya. Kwanza alimtoa katikati ya watu, wakawa wawili tu. Kisha akatia vidole vyake katika masikio ya yule mtu, akaugusa na ulimi wake. Kwa nini afanye hayo yote? Yule mtumishi wa akida wa Kapernaumu aliponywa kwa neno tu, hata bila kuonwa. Mimi naona ya kwamba alifanya hivyo kwa sababu mtu huyu hasikii. Maneno yangempita kama upepo. Basi Bwana alisema naye kwa vidole, apate kujua anatendewa nini, na ni kiungo gani kinachoshughulikiwa. Baada ya hayo ndipo lilipokuja neno la kuponya, na Marko, aliyeandika kwa Kiyunani, amelihifadhi neno lile kwa Kiaramu, kama lilivyotoka kinywani.

Kabla ya neno hilo, Biblia yetu ya Kiswahili yasema kwamba Bwana aliugua. Ndugu zangu, lugha yetu ina hekima hapa. Kuugua ni kushikwa na ugonjwa, na kuugua ni kutoa pumzi kwa uchungu. Na kutoka neno hilo hilo tumepata kuuguza, na muuguzi.

Sasa twende Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, ukiwa umepita Kalokol lakini hujafika Lowarengak. Wengi mmelisikia jina hili kwa ajili ya mifupa. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe karibu na laga ya Nariokotome. Walipochimba wakapata mifupa mingi sana ya kijana mmoja, ambaye wataalamu wanasema aliishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Taya lake lina alama ya ugonjwa pale jino la utotoni lilipong'oka, na baadhi ya waliomchunguza walidhani kwamba huenda sumu ya kidonda kile iliingia katika damu ikamwua. (Najua wako Wakristo wanaokunja uso wakisikia hesabu ya miaka hiyo. Shauri hilo si la leo.)

Lakini mimi navutwa zaidi na mifupa mingine, iliyopatikana ng'ambo ya pili ya ziwa, Koobi Fora, mwaka 1973, na aliyeiona ni Kamoya yule yule. Wataalamu waliona kuwa ni ya mwanamke. Juu ya mifupa yake palikuwa na tabaka ya mfupa usio wa kawaida, ishara ya ugonjwa wa maumivu makali uliochukua majuma au miezi. Ni ugonjwa gani, wanabishana hata leo. Bali Alan Walker, mmoja wa waliomchunguza, alifikiri hivi: mtu wa hali ile hawezi kujitafutia maji, wala hawezi kumkimbia mnyama mkali. Hata hivyo aliendelea kuishi. Basi palikuwa na mwingine aliyemletea maji, akakaa naye usiku. Dawa hakuwa nayo.

Ni katika nchi hiyo hiyo ya jua na mawe ambamo muuguzi hufanya kazi yake leo, mara nyingine ndani ya zahanati, mara nyingine chini ya mti, sanduku la dawa likiwa juu ya meza ndogo na umati wa watu ukimzunguka. Tuseme mama amefika kutoka kwenye malisho ya mbali. Amelala njiani usiku mmoja. Hajui Kiswahili, naye muuguzi, mzaliwa wa Kisii au Meru, hajui Kiturkana. Mkalimani ni nani? Mara nyingi ni yeyote aliye karibu: mume wake, shemeji yake, au mwanawe wa miaka kumi. Nakuuliza, mama huyo atasema linalomsumbua tumboni mbele ya shemeji? Atasema kichwa chamuuma. Atapewa vidonge vya kichwa, naye atarudi alikotoka na ugonjwa wake.

Muuguzi mwenye kumjali mgonjwa hufanya kama Bwana alivyofanya Dekapoli. Humtoa kando. Hufunga leso kati ya mti na gari iwe pazia. Humtafuta mwanamke mzima wa kumsaidia kusema. Na kabla ya yote humsalimu kwa lile neno moja alilokwisha kujifunza, Ejok, na hungoja ajibiwe.

Yako na ya kuacha. Kemeo la kwanza mgonjwa analopokea ni hili: Mbona umechelewa? Aliyetembea siku nzima na mtoto mgongoni hawezi kulijibu. Atanyamaza, na wewe utadhani umemfundisha. Lakini dawa za kifua kikuu huchukua miezi sita, na mtu aliyefedheheshwa siku ya kwanza, siku ya pili humwoni tena. Ndiyo sababu nasema upole katika kazi hii si pambo, ni sehemu ya dawa yenyewe.

Jambo hili lilionekana wazi Wajir, kaskazini yetu hii hii. Wafugaji wenye kifua kikuu walikuwa wakianza dawa na kuziacha, kwa maana ngamia hawangoji. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, mama Mwitalia aliyesomea sheria na aliyekuja Kenya kufundisha shule, alianza njia nyingine: wagonjwa wakae katika manyatta yao, katika vibanda vya namna waliyoizoea, karibu na matibabu, na kila siku dawa imezwe mbele ya mwangalizi. Wakamaliza dawa, wakapona. Mtindo huo baadaye ulifuatwa mahali pengi. Mama huyo aliuawa Borama mwaka 2003, katika hospitali aliyokuwa akiwahudumia wagonjwa wa namna ile ile.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Tabasamu haishushi homa, na kabati tupu halijazwi kwa maneno mema. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali katika Kenya waligoma karibu miezi mitano, na wagonjwa maskini waliumia sana. Nilisikia wahubiri wakisema kuuguza ni wito, basi warudi kazini. Ni wito kweli. Lakini neno wito lisitumiwe na aliyeshiba kumnyamazisha asiyelipwa. Muuguzi aliye peke yake katika zahanati, aliyezalisha usiku kucha na asubuhi akakuta watu sitini mlangoni, akikujibu kwa ukali, jiulize kwanza kama amekula. Yule Msamaria naye alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha za kumtunza majeruhi, akaahidi kulipa gharama itakayozidi. Soma Luka 10:35.

Je, usharika wako unamjua muuguzi wenu kwa jina lake? Yuko mbali na kwao. Je, amewahi kualikwa chai?

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyeugua kwa ajili ya mtu asiyeweza kusema, uwe pamoja na aliye zamu usiku huu Lodwar, Kakuma na Nariokotome. Umpe mafuta ya taa ya kutosha, na dawa katika kabati. Akiitwa mara ya tatu na mgonjwa yule yule, umpe nguvu za kuinuka. Na yule mama aliye njiani sasa, mtoto mgongoni, umfikishe kabla ya jua kuwa kali. Amina.