Kulainisha Maji Magumu Nyumbani na Faida Zake kwa Kaya

(Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa kata zinazotumia maji ya visima)



Hakuna mpishi wa pwani asiyeujua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Anayefua kwa maji ya kisima naye anazijua dalili zake: mche wa sabuni unakwisha upesi, povu halitoki, na juu ya beseni huelea utando wa kijivu unaong'ang'ania shati jeupe. Mara nyingi lawama huangukia sabuni au muuza duka, kumbe aghalabu chanzo ni maji yenyewe. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu.

Asili yake si siri. Mvua inyeshapo huwa laini. Ikipita hewani na kuzama udongoni huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi, ikawa na uchachu hafifu. Uchachu huo, ukikutana na mwamba wa chokaa, huuyeyusha polepole. Anayetaka ushahidi autazame mkoa wa Tanga: Mapango ya Amboni, kaskazini ya jiji, yalichimbwa na maji yakila mawe ya chokaa kwa muda mrefu mno. Chokaa iliyoliwa haipotei. Husafiri na maji hadi kisimani, hali ya kuwa haionekani kwa macho. Ndivyo ilivyo pia katika visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe kando ya bahari. Madini yanayoyafanya maji kuwa magumu ni kalsiamu na magnesiamu.

Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu za chokaa katika lita moja. Yasiyozidi 60 huhesabiwa kuwa maji laini. Yanayozidi 180 huitwa magumu sana. Ieleweke mapema kwamba ugumu wenyewe si sumu. Shirika la Afya Duniani halikuweka ukomo wa kiafya wa ugumu wa maji, na kalsiamu ni miongoni mwa madini ambayo mwili unayahitaji kwa mifupa. Hasara ya maji magumu iko mfukoni na jikoni.

Na hasara hiyo inahesabika. Sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu hugeuka kuwa ule utando wa kijivu; haisafishi kitu mpaka kalsiamu yote imekwisha kushikwa. Ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita humeza zaidi ya gramu 30 za sabuni kabla povu la kwanza halijasimama. Kaya inayofua ndoo nne kwa juma hupoteza zaidi ya gramu 120 za sabuni bila kung'oa doa hata moja. Jikoni, ukoko wa chokaa huzuia joto lisipenye upesi kutoka kwenye sufuria kwenda kwenye maji, na mkaa au umeme hutumika zaidi. Maharage na kunde nazo huchelewa kuiva, kwa kuwa kalsiamu hukaza maganda na nyama ya mbegu. Mama hudhani ameuziwa maharage ya zamani, na huenda hatia ni ya maji.

Kabla kaya haijatoa hata shilingi moja, yafaa kupima. Kipimo hakihitaji maabara. Chupa tatu safi zinazolingana hutiwa maji nusu: ya kwanza maji ya mvua, ya pili maji ya kisima, ya tatu maji ya kisima yaliyochemshwa dakika kumi, yakapoa na kutuama. Kila chupa hutiwa vipande vidogo vya sabuni ya mche, vilivyo sawa kwa kiasi, kisha hutikiswa. Povu la maji ya mvua litasimama. Ikiwa chupa ya pili haina povu bali ukungu mweupe, maji hayo ni magumu. Ikiwa ya tatu ina povu jema kuliko ya pili, ugumu wake ni wa muda, unaoondoka kwa moto. Ikiwa ya pili na ya tatu hazitofautiani, ugumu ni wa kudumu, na kuchemsha hakutausaidia.

Baada ya kipimo, kila kazi hupewa njia yake.

Kwa maji ya kunywa na ya chai, kuchemsha kunatosha pale ugumu ulipo wa muda. Moto huifukuza kaboni dayoksaidi, chokaa hushuka chini, na maji ya juu hubaki laini. Faida yake ni mbili kwa kuni moja, kwani vijidudu navyo hufa. Lakini kuchemsha ndoo nzima kwa ajili ya kufua ni kuokoa sabuni kwa kuteketeza mkaa. Hesabu hiyo hailipi.

Kwa kufua, njia nafuu ni magadi ya kufulia. Kwa ndoo iliyotajwa hapo juu, gramu 6 au 7 hutosha, yaani kiasi cha kijiko cha chai kilichojaa. Magadi huyeyushwa kwanza katika kikombe cha maji ya vuguvugu, humiminwa ndooni, hukorogwa, na ndoo huachwa nusu saa. Mashapo meupe yakishatuama, maji ya juu humiminwa kwenye beseni. Kijiko hicho kimoja huokoa zile gramu 30 za sabuni, na huondoa ugumu wa muda na wa kudumu pia. Tahadhari zake ni tatu: yawekwe mbali na watoto, yasigusane sana na ngozi yenye vidonda, na maji hayo yasinywewe. Magadi ghafi yanayochotwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floridi nyingi, inayoharibu meno na mifupa.

Njia ya tatu hushuka yenyewe kutoka mbinguni. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 40, katika mvua ya milimita 10, hupokea lita 400. Hata sehemu moja ya tano ikipotea, zimebaki lita 320 za maji laini, yafaayo kufulia, kuogea na kupikia maharage. Maji ya kwanza baada ya kiangazi humwagwa, kwa kuwa huosha vumbi na vinyesi vya ndege. Tangi hufunikwa ili mbu wasizaliane. Na ya kunywa huchemshwa kama mengine.

Zipo pia mashine za kulainisha maji, zinazobadilisha kalsiamu kwa sodiamu na kuhitaji kuongezewa chumvi mara kwa mara. Nyumba ya wageni au zahanati yenye hita inaweza kuona faida yake. Penye mashine hiyo, bomba moja la kunywa huachwa bila kulainishwa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga na watu wenye shinikizo la damu.

Ukoko uliokwisha kuganda hauhitaji kukwanguliwa kwa kisu. Siki au maji ya ndimu, yakichanganywa na maji kwa kiasi sawa na kuachwa birikani saa moja, huutafuna hadi utoke. Birika husuuzwa vizuri kabla ya kutumika tena.

Jambo moja lisisahauliwe. Kulainisha maji si kuyatakasa. Magadi hayaui vijidudu, hayaondoi chumvi ya bahari iliyoingia kisimani, wala hayapunguzi floridi. Kuhusu mambo hayo, mkazi anayo haki ya kuuliza matokeo ya vipimo vya chanzo chake kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, au kwa ofisi ya RUWASA ya wilaya.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kijiko cha magadi na bati lenye mfereji ni haba. Sabuni, mkaa na saa za jikoni zinazookolewa mwaka mzima ndizo kibaba. Kaya itakayojaza chupa tatu jioni ya leo itaijua kesho njia inayoifaa.