Mtoto Asifichwe: Habari za Anne Wafula Strike

(Maneno ya kamati ya maendeleo kwa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe)

Leo twataka kuzungumza juu ya mwanamke mmoja Mkenya aliyeshindana mbio za dunia akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Jina lake ni Anne Wafula Strike. Tukimaliza habari zake tutarudi kwetu hapa Mombasa, maana ndiko anakotuhusu.

Anne alizaliwa mwaka 1969 huko Mihuu, Bungoma. Alikuwa ameshajua kutembea. Alipofika kama miaka miwili na nusu akashikwa na polio. Mwajua polio ni kirusi kinachoingia kwa mdomo, kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kwa baadhi ya watoto hushambulia mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo, na miguu ikalegea. Dawa ya kuponya kupooza huko hakuna hata leo. Kinga ipo, nayo ni chanjo. Lakini mpango wa taifa wa chanjo ulianza Kenya mwaka 1980, Anne ameshakuwa msichana wa miaka kumi na moja.

Watu kijijini hawakusema ni kirusi. Walisema ni laana. Maneno yakazidi, hata familia ikahama ikaenda kuishi kambini, maana baba yake alikuwa mwanajeshi.

Hapo tusimame kidogo, jamani. Baba yule angeweza kufanya kama wengi wafanyavyo: mtoto akae chumba cha nyuma, apelekewe chakula, wageni wakija mlango ufungwe. Hakufanya hivyo. Alitaka asome. Anne akaenda shule ya bweni ya watoto walemavu, akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Moi, akatoka na shahada ya ualimu, akaenda kufundisha Machakos. Haya yote yalikuja kabla ya mbio. Alikuwa mwalimu anayejitegemea kabla hajakalia kiti cha mashindano hata siku moja.

Mwaka 2000 alihamia Uingereza, maana alikuwa ameolewa na Mwingereza. Huko ndiko alikoanza mbio, akiwa ameshapita miaka thelathini na ni mama wa mtoto. Na mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 35, alivaa rangi za Kenya huko Athens, Ugiriki, kwenye mashindano ya dunia ya walemavu yaitwayo Paralimpiki. Hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika ya Mashariki kushindana humo kwa kiti cha magurudumu. Mwaka 2006 alipata uraia wa Uingereza, akakimbilia timu ya huko. Mwaka 2014 Malkia akampa nishani ya MBE kwa kazi yake ya michezo ya walemavu na kusaidia watu.

Pengine mtu auliza, mbio za kiti zakimbiwaje? Kiti chenyewe si kama kile cha hospitali. Kina magurudumu matatu: mawili makubwa nyuma, yaliyoinama kwa ndani juu, na moja dogo mbele kabisa. Ni chepesi, na hutengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mtu. Mkimbiaji huinama mbele, amevaa glavu ngumu, akapiga pete ya gurudumu kwa nguvu kwenda chini, tena na tena. Wakimbiaji hupangwa kwa makundi ili mwenye ulemavu mkubwa asishindanishwe na mwenye ulemavu mdogo. Anne alikuwa kundi la T53, la watu wenye nguvu za mikono lakini kiwiliwili hakina nguvu ya kusaidia. Na bei ya kiti hicho hupita ya pikipiki ya bodaboda.

Sasa, tuulizane. Msichana wa Bungoma mwenye mikono yenye nguvu hivyo, kwa nini alingoja hadi apande ndege ndipo ajue kuwa kiti cha magurudumu chaweza kukimbia? Mikono alikuwa nayo tangu zamani. Kilichokosekana ni kiti, uwanja na mtu wa kumwambia, "Njoo ujaribu." Kama baba yake angemficha, hata hiyo nafasi ya kuchelewa asingeipata.

Wala tusidhani Ulaya mambo yote ni rahisi. Mwezi wa Desemba 2016 Anne alisafiri kwa treni, na choo pekee ambacho angeweza kukitumia kilikuwa kimeharibika. Akajikojolea humo ndani, mtu mzima, mwenye nishani ya Malkia. Mwezi uliofuata akalisema jambo lile hadharani magazetini, ili wengine yasiwapate. Fikirini ujasiri huo. Medali haimfungulii mtu mlango wa choo. Mlango hufunguliwa na watu waliofikiria habari zake kabla hajafika.

Basi turudi kwetu. Hapa bara ya Mombasa mambo ya kuanzia tunayo. Chama cha walemavu wa viungo, APDK, kilianzishwa mwaka 1958. Karakana yake ya Bombolulu ilianza mwaka 1969, mwaka ule ule aliozaliwa Anne, ili walemavu wapate ujuzi na kula jasho lao. Changamwe, pale Port Reitz, ipo shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, kusoma, na kufika mahali pote pa umma na kutumia magari ya abiria. Lakini Katiba haiendi kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Kubisha hodi ni kazi yetu.

Twaomba kila kikundi kifanye mambo manne.

Kwanza, jueni watoto wenu. Kila mwanakikundi aulize kwa upole nyumba za jirani zake: yuko mtoto asiyetembea? Anasoma? Msiende kundi zima kama askari. Aende mama mmoja anayeaminika, akae, anywe chai, asikilize. Maneno kama "kiwete" yaachwe nyumbani. Wazee walisema hujafa hujaumbika.

Pili, mpelekeni akapimwe. Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya elimu vya kutathmini watoto, vinavyoshauri mtoto aende shule gani. Pia aandikishwe na Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Mzazi akikosa nauli ya mtoto na ya kiti, ndipo pesa za kikundi zina kazi.

Tatu, kiti kiwe cha kipimo chake. Mtoto mdogo akiwekwa kwenye kiti cha mtu mzima, mgongo hupinda, na makalio hutoka vidonda vinavyoweza hata kumuua. Awe na mto wa kukalia, na kila nusu saa ajiinue kidogo kwa mikono au ainuliwe. Chagueni kiti ambacho magurudumu yake ya nyuma hutumia tairi za baiskeli, ili fundi wa mtaani aweze kukitengeneza. Mchanga na mawe ya mitaa yetu havina huruma.

Nne, angalieni mahali mnapokutana. Penye ngazi jengeni mteremko wa saruji. Kipimo ni hiki: kila inchi moja ya kupanda, urefu wa inchi 12. Ngazi ya inchi sita yataka mteremko wa futi sita. Mkiufanya mfupi, kiti kitarudi nyuma na kumwangusha mtu. Wanaovuka feri ya Likoni kwa kiti cha magurudumu wanajua mteremko mkali ni nini. Na mlango wa choo upimeni kwa kiti chenyewe, msikisie kwa macho.

Mtu atasema, haya yote, na mtoto wangu huenda asikimbie hata mbio za shule. Sawa. Wengi hawatakimbia. Anne mwenyewe, kama asingekimbia, angebaki mwalimu mwenye mshahara wake na nyumba yake, na jambo hilo pekee lingetosha kumshukuru baba yake. Mbio zilikuja baadaye.

Kwa hiyo, mkutano ujao kila kikundi kilete hesabu: watoto wangapi wamepatikana, wangapi wamepimwa, wangapi bado wako ndani. Tutaisoma hapa mbele ya wote, kisha tupange nauli.