Mlinzi wa Ubongo na Maradhi ya Kusahau



Mzee akianza kusahau majina ya wanawe, wako wasemao kuwa amerogwa, na wako wamchekao. Yote mawili si haki. Katika mwaka wa 1906 Dakta Alois Alzheimer, Mjerumani, aliwaeleza madaktari wenziwe mjini Tübingen habari za mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu, ambaye ubongo wake, ulipotazamwa kwa darubini baada ya kufa, ulionekana una taka zilizoganda na nyuzi zilizosokotana.

Ndani ya ubongo zimo chembe za kinga ziitwazo maikroglia. Kazi yao ni ya mlinzi na ya mfagizi pamoja. Mwaka 2013 wataalamu wa Iceland, na wengine walioko London, walitangaza kwamba badiliko moja adimu la jeni ya TREM2, itumiwayo na chembe hizo, huzidisha hatari ya ugonjwa huo yapata mara tatu au zaidi. Tangu hapo wanafunzi wa shahada ya udaktari huzichungua jeni za kinga, wapate kujua ni wakati gani mlinzi husaidia, na ni wakati gani hudhuru.

Lakini jeni si hukumu. Aliyerithi badiliko hilo aweza kuzeeka na akili timamu, na asiyelirithi aweza kuugua.

Basi mzee asahauye asifichwe chumbani wala asipigiwe ramli. Apelekwe hospitali, kwani baadhi ya mambo yaletayo kusahau hutibika. Naye aliyewavumilia wanawe walipokuwa hawajui kusema, avumiliwe aulizapo neno lile lile mara kumi.